Ukipotea Maweni au Ukiachwa Kisiwani: Mwongozo kwa Kijana wa Unguja na Pemba

Nilikuwa na miaka 14 nilipolala maweni, kwenye lile pori la mawe ya matumbawe, usiku mzima peke yangu. Mbuzi wa ami yangu alikata kamba mchana, nikamfuata kwa mlio wake upande wa Muyuni, kusini mwa Unguja. Jua lilipoanza kuinama nikageuka kurudi. Nilitembea karibu saa nzima, kisha nikaona kitu chekundu juu ya jiwe. Ulikuwa ukanda wa kandambili yangu, uliokatika wakati nakwenda. Nimezunguka, nimerudi palepale.

Nawaandikia wadogo zangu wanaokwenda kukata kuni, kutafuta mbuzi, kuchokoa pweza, au kufuatana na wakubwa dago, yaani kambi ya wavuvi, kwenye visiwa vidogo. Siku moja chombo kinaweza kuondoka bila wewe, au njia ikakupotea, ukabaki mwenyewe na mawe na bahari.

Mengi yanayosemwa juu ya kuishi porini yametoka nchi za mito mikubwa. Mwaka 1971 ndege ilianguka katika msitu wa Amazon nchini Peru, akasalimika msichana mmoja tu wa miaka 17, Juliane Koepcke. Alikaa msituni siku 11, akafuata kijito, kwa sababu baba yake alimfundisha kwamba kijito huingia mtoni na mtoni kuna watu. Kwake ilikuwa sawa. Maweni kwetu hakuna kijito cha kufuata. Mvua ikinyesha juu ya jiwe la matumbawe huzama papo hapo, na juu hubaki pakavu. Ukitembea siku nzima ukitafuta mto utajimaliza mwenyewe.

Lakini sisi tuna jambo ambalo yule msichana hakuwa nalo: watu hawako mbali. Upana wa Unguja hauzidi kilomita 40, na Pemba ni nyembamba zaidi. Simba hatuna, na baridi ya kuua hatuna. Kwa hiyo kazi uliyonayo ni kuivuka siku moja, mbili, labda tatu, ukiwa mzima, bila kuvunjika mguu, bila kukaushwa na kiu, na uwe mahali ambapo anayekutafuta atakuona. Shika hilo katika kila hatua nitakayokwambia.

Hatua ya 1: Kaa kitako

Mara tu unapogundua hujui ulipo, tafuta kivuli ukae. Moyo utakwenda mbio na miguu itataka kukimbia. Usiiruhusu. Soma unachokijua, hata kama ni sura fupi tu, uirudie mpaka pumzi ishuke. Mimi nilikimbia kwanza ndipo nikakaa, na ile mbio ndiyo iliyonipotezea njia niliyokuwa bado naikumbuka nusu.

Ukishatulia, jiulize: mara ya mwisho nilijua nilipo ni wapi, na ni muda gani umepita? Nani anajua nimetoka, na nilimwambia nakwenda wapi? Kisha toa kila ulichonacho mfukoni na mkobani, ukipange mbele yako. Leso ni mtungi, ni kivuli, ni bendera na ni bandeji. Chupa tupu ya maji, hata iliyookotwa pwani, ina thamani kuliko pesa. Kiberiti kiweke mahali pakavu kuliko pote, hata ndani ya nywele chini ya kofia.

Kama una simu, usianze kupiga ovyo. Zima data, punguza mwanga, usiitumie kama tochi. Panda mahali palipoinuka kidogo, uandike ujumbe mmoja mfupi wenye mambo yote: uko upande gani, umetoka saa ngapi, unaona nini, na kama umeumia. Ujumbe hupenya kwenye mtandao dhaifu ambao sauti haipenyi. Mtumie mtu wa nyumbani atakayekwenda mara moja kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Nambari ya dharura ni 112. Baada ya hapo izime, uiwashe kwa saa maalumu, mfano kila baada ya saa mbili, na watu wa nyumbani waambie hivyo katika ujumbe ule ule.

Hatua ya 2: Linda miguu, na ukae na jua vizuri

Jiwe la maweni linakata kama kiwembe, na kibaya zaidi ni matobo. Yamefunikwa na majani na mizizi, unaona ardhi kumbe ni shimo la urefu wa mtu. Kata fimbo. Gonga mbele kabla ya kila hatua, na pale fimbo inapotoa sauti ya uwazi, zunguka. Kandambili ikikatika, funga mguu kwa kitambaa pamoja na vipande vya kumbi la nazi au gome. Usiku usitembee kabisa. Mguu ukivunjika ndani ya tobo, safari ya saa mbili inageuka ya siku nne.

Jihadhari pia na upupu. Ile mikunde yenye manyoya ya rangi ya dhahabu ikikugusa, usijikune, maana kila ukikuna unayazamisha. Paka tope, liache likauke, kisha libandue taratibu.

Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni kaa kivulini. Jasho ndilo maji yako, na kulizuia lisitoke ni rahisi kuliko kuyatafuta mengine. Kama uko karibu na bahari, chovya nguo kwenye maji ya chumvi uivae mbichi, upepo utakupoza. Hiyo ndiyo kazi pekee ya maji ya bahari kwa mwenye kiu. Kuyanywa usijaribu, hata kwa kuchanganya, kwa sababu figo hutumia maji mengi zaidi kuitoa ile chumvi kuliko yaliyoingia.

Hatua ya 3: Maji

Bila chakula mtu huishi wiki kadhaa. Bila maji, kwenye joto la Januari na Februari, siku tatu ni nyingi. Kwa hiyo asubuhi na jioni, wakati wa ubaridi, fikra zako ziwe kwenye maji tu.

Maweni, tazama mashimo ya juu ya mawe. Baada ya mvua hushika maji kwa siku kadhaa, hasa yaliyo chini ya kivuli. Asubuhi ile kule Muyuni niliona shimo la ukubwa wa bakuli la uji, limejaa majani yaliyooza na maji ya rangi ya chai. Mdomo haukufika. Nikavua fulana, nikachovya ncha yake, nikaikamua mdomoni. Tone la kwanza lilikuwa na ladha ya jasho langu mwenyewe. Nikachovya tena, nikakamua tena, mara ishirini na zaidi, mpaka fulana ikawa inatoa mchanga. Yalikuwa machache mno, lakini ulimi ulibanduka kutoka kwenye kaakaa, na akili ikarudi.

Umande nao ni maji. Kabla jua halijachomoza, funga leso au shati kwenye miguu, pita polepole kwenye majani marefu, kisha kamua. Usisubiri mpaka saa 2, utakuta pamekauka.

Mvua ikija usikimbilie kujificha tu. Tandaza nguo yako, funga pembe zake kwenye matawi manne, weka kijiwe safi katikati ili maji yakusanyike na kudondoka sehemu moja, chini yake chupa au kifuu. Jani la mgomba likiegemezwa hufanya mfereji mzuri. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, Oktoba hadi Disemba, hii peke yake inaweza kukutosha.

Halafu mapango. Ndani ya jiwe letu mna mapango mengi, na baadhi yana maji chini. Wazee husimulia kwamba lile la Mangapwani lilivumbuliwa na kijana aliyekuwa akimfuata mbuzi aliyepotea, akasikia mlio wake chini ya ardhi, akakuta na chemchemi. Pango la Kuumbi, upande wa Jambiani, limetumiwa na watu tangu maelfu ya miaka iliyopita. Ukikuta pango lenye vitambaa vyekundu na vyeupe, chetezo au vipande vya sahani, usiogope ukakimbia. Hapo ni mzimuni, mahali pa kutambikia, na maana yake kwako ni kwamba watu hufika hapo na njia ya kutokea ipo. Kaa nje, tafuta hiyo njia. Ndani usiingie mahali ambapo mwanga haufiki, na usishuke kwenye utelezi bila ya kuona utakavyopanda. Maji ya mapango ya karibu na bahari huwa na chumvi. Onja tone, ukiona yana chumvi yaache.

Pwani penye minazi, dafu ndilo salama kuliko yote, maana maji yake ni safi ndani ya gamba. Ila ukwezi si wa kujifunzia siku ya kupotea. Ukianguka mnazini ukiwa peke yako ndiyo basi. Tafuta minazi mifupi, ile ambayo mtu mzima hufikia kwa mkono, au zilizoanguka. Nazi kavu ikitikiswa ikisikika maji, nayo ina faida. Huna panga? Ishike nazi kwa mikono miwili, upande wa kikonyo uugonge kwenye ncha ya jiwe kali, kidogo kidogo huku ukiizungusha, mpaka nyuzi zifumuke uzing'oe kwa vidole. Upande huo huo wa kikonyo ndiko yaliko macho matatu, na moja ni laini. Litoboe kwa kijiti. Kwa nazi kavu, simika mti mgumu wenye ncha ardhini, uibane kwa mawe, ufanye kama kifuo, ule mti wa kufulia nazi. Itakuchukua nusu saa na mikono itachubuka. Madafu mengi kwa mpigo huendesha tumbo, kunywa mawili, pumzika.

Kwenye ufuko wa kisiwa kikubwa unaweza kuchimba. Rudi nyuma ya mstari wa maji kujaa, penye minazi au miti mikubwa, uchimbe mpaka mchanga uwe mbichi na maji yaanze kujikusanya, hapo hapo usimame. Maji matamu ni mepesi, hukaa juu ya yale ya chumvi, na ukichimba zaidi utafikia chumvi. Kwenye kisiwa kidogo cha jiwe kama Misali au Chumbe usipoteze jasho lako kwa kuchimba. Wavuvi wa Misali huja na maji yao kutoka Pemba.

Kama una moto na chombo, chemsha kila maji yaliyotoka ardhini. Kama huna, yachuje kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Kitambaa hakiui vijidudu, lakini ukifika mahali pa kuchagua kati ya kuendesha tumbo kesho na kuzimia leo, kunywa. Na ulichonacho kinywe unaposikia kiu. Wapo waliokutwa wamezirai na maji kwenye chupa, kwa kuyawekea akiba.

Jambo moja kwa sisi tunaosali: maji ya kunywa usitilie udhu. Mchanga safi upo, tayamamu. Na kama ni Ramadhani na umepotea, fungua. Dini haikutaka ufe kwa kiu, na siku hiyo utailipa.

Hatua ya 4: Kama uko kisiwani au kwenye fungu la mchanga, hesabu maji ya bahari

Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea, kwa sababu wanaona nchi kavu kwa macho na wanasema, "Si hapo tu?"

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila safari kiasi cha saa sita na kidogo, na kila siku inachelewa kama dakika 50. Mwezi ukiwa mchanga kabisa au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikafika karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai wala hayapwi sana. Na kwetu, siku za bamvua, maji hupwa kwenye saa 4 au 5 asubuhi, na hujaa kwenye saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri. Kama umewahi kuwaona kina mama wakienda kwenye mwani asubuhi, saa yao ndiyo hiyo.

Ukifika ufukweni, simika kijiti pale maji yanapoishia, ukae utazame. Baada ya robo saa utajua yanakuja au yanaondoka.

Pa kulala: usidanganywe na mstari wa mwani mkavu na takataka. Ule ni alama ya jana. Kama mwezi unaelekea kuwa mpevu, kila usiku maji yatapanda juu zaidi ya jana yake, na yatakufikia saa 10 alfajiri ukiwa katika usingizi mzito. Lala penye majani yaliyoota, kamwe usilale penye mchanga mtupu. Fungu lisilo na hata mche mmoja huzama, na kama uko juu yake, suala la kuondoka lifikirie mapema, mchana, maji yakiwa chini.

Kuvuka kwa miguu kutoka kisiwa kidogo kwenda kikubwa inawezekana baadhi ya mahali, kwa masharti ambayo usivunje hata moja. Uwe umeshawaona watu wakipita hapo. Maji yawe bado yanatoka, na wewe uwe umeshavuka nusu kabla hayajageuka. Yakipita magoti, rudi. Penye mikoko usipite peke yako, kwa kuwa tope hushika mguu mpaka pajani na maji hayasubiri. Elewa hivi: bahari haijai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hujaa polepole, unaona kama mchezo, kisha saa ya tatu na ya nne ndipo nusu nzima ya maji huingia. Siku ya bamvua hizo ni kama mita 2 ndani ya saa mbili. Aliyeanza kuvuka maji yalipogeuka hukutwa katikati na saa hizo.

Kuogelea usiogelee. Misali iko kiasi cha kilomita 10 kutoka Pemba, na kutoka ufukweni inaonekana kama ya kufikia kwa pumzi moja. Mkondo kati ya Pemba na bara una nguvu na kina kirefu mno, na unavuta kwenda kaskazini. Ukiwa tayari umo majini kwa kuzamiwa na chombo, shika chochote kinachoelea, dumu, ubao, godoro. Usikiachie kwa kutaka kuogelea kwenye taa unazoziona. Na unapofikia kisiwa cha jiwe, usijipige kwenye ule mwamba ulioliwa chini na mawimbi, haupandiki. Zunguka nao mpaka upate kijifuko cha mchanga.

Kisiwa kitupu aghalabu si kitupu. Tafuta alama za dago: majivu, mafiga, vichanja vya kukaushia samaki, vipande vya nyavu. Wavuvi hurudi walipozoea kurudi. Kaa hapo, hata kama upande mwingine wa kisiwa una kivuli kizuri zaidi.

Hatua ya 5: Usiku

Tayarisha mahali kabla ya magharibi, maana kwetu giza haliji kwa hatua. Tandika majani makavu au makuti, kiasi cha kiganja kizima kwenda juu, usilale juu ya jiwe wala mchanga mtupu. Chini ya mnazi wenye nazi usilale. Kwenye mdomo wa pango usilale. Mbu ni wengi penye mikoko, kwa hiyo funika kichwa na miguu kwa leso, na kama una moto tia majani mabichi kidogo.

Utasikia sauti. Komba hulia kama mtoto mchanga, na anayemsikia kwa mara ya kwanza damu humsimama. Popo wa Pemba hugombana kwenye miti kama watu wa sokoni. Nguruwe mwitu hukoroma na kuvunja vijiti, lakini humkimbia mtu. Wazee wa Unguja wanasimulia mengi juu ya chui, ila hata waliomtafuta kwa makusudi miaka mingi hawajathibitisha kwamba bado yupo.

Wa kuangaliwa ni nyoka, nge na tandu. Kung'uta nguo na viatu asubuhi, usitie mkono penye uwazi wa jiwe, na piga fimbo chini unapokwenda. Ukiumwa na nyoka, tulia, funga kiungo kwa kijiti kisicheze, vua pete na bangili. Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Hapo ndipo ile chaji uliyoitunza inapotumika.

Hatua ya 6: Onekana, sikika

Mchana, moshi. Usiku, mwanga. Makumbi, karara na makuti makavu hushika moto upesi, kisha juu yake weka majani mabichi utoke moshi mzito. Fanya hivyo ufukweni au penye jiwe tupu, maana maweni wakati wa kiangazi yakishika moto, moto utakuzunguka wewe mwenyewe. Kupekecha moto kwa vijiti, ulindi na ulimbombo, ni kazi ya aliyezoea. Kama hujawahi kuifanya nyumbani, usiteketeze nguvu zako hapo, shika leso.

Leso ya rangi kali ifunge juu ya mti mrefu upande wa bahari. Kioo cha simu au kipande cha bati kikiakisi jua huonekana na walio mbali chomboni. Elekeza mwanga kwenye tanga au kwenye boti, uutikise. Mchangani chora mshale mkubwa, uupange kwa mawe.

Sauti nzuri ni ya alfajiri na baada ya magharibi, upepo ukiwa umelala. Usipige kelele mfululizo, koo litakauka. Gonga vifuu viwili au dumu, mara tatu, nyamaza, sikiliza, tena mara tatu.

Sasa hili nisikilize vizuri mdogo wangu. Wengi tumelelewa kwamba usiku ukisikia jina lako linaitwa usiitike, huenda si mtu. Mimi nilisikia. Saa ngapi sijui, sauti ilisema jina langu mbali, mara mbili, nikajikunja nikanyamaza mpaka ikapotea. Alikuwa ami yangu na watu wa kijijini na kurunzi zao. Nilikaa saa nyingine sita kwenye mawe kwa sababu ya ule ukimya, na nyumbani mama yangu alikuwa amekaa mlangoni. Kama hutaki kuitika kwa mdomo, gonga. Mara tatu, nyamaza, mara tatu. Na leo hii, kabla hujatoka kwenda popote, kubalianeni nyumbani alama hiyo.

Chakula

Kifupi. Kama huna maji, usile samaki wala nyama, vitazidisha kiu. Matunda unayoyajua kwa jina na uliyokula nyumbani, hayo unaweza kula: bibo, mabungo, zambarau, ukwaju. Usiyoyajua yaache, na ndulele za manjano usiziguse. Kombe na tondo vipikwe. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, usimle hata apikwe vipi, sumu yake haiishi kwa moto. Kwenye mwamba usitie mguu mtupu, na konokono mzuri mwenye umbo la pia usimwokote, wapo wenye mwiba wa sumu.

Hatua ya 7: Wakati wa kutoka mwenyewe

Ikiwa umekaa usiku na mchana, hakuna aliyekuja, na maji hakuna kabisa, toka alfajiri. Toka ukijua unakwenda wapi.

Dalili ya kwanza ni adhana. Alfajiri, upepo ukiwa kimya, sauti ya msikiti husafiri mbali. Usianze kutembea hapo hapo. Laza fimbo yako chini ielekee sauti ilikotoka, au panga mawe matatu kwa mstari, subiri pawe na mwanga wa kuona matobo, ndipo uufuate mstari. Chagua mti mmoja mbele, ufikie, chagua mwingine ulionyooka nao. Hivyo hutazunguka kama nilivyozunguka mimi. Vunja matawi unapopita, ili anayekutafuta ajue, na wewe uweze kurudi penye maji uliyoyaacha.

Dalili ya pili wengi hawaifikirii. Makka kwetu iko karibu kaskazini moja kwa moja. Kwa hiyo ukikuta gofu la msikiti, mihrabu yake inakuonyesha kaskazini. Ukikuta makaburi ya zamani, maiti amelazwa akielekea kibla, basi urefu wa kaburi unakwenda mashariki na magharibi. Ukijua hivyo na ukijua barabara ya kijiji chako iko upande gani, hujapotea tena.

Mimi nilisikia adhana ya Muyuni asubuhi ile, karibu mno, kiasi kwamba nilidhani nimeota. Nilitembea chini ya saa moja.

Ukishatoka

Kunywa kidogo kidogo, hata kama watu wanakupa kata nzima. Jeraha la jiwe lisafishwe kwa maji safi na sabuni, kisha uende hospitali, hasa kama limeingia ndani au umeumwa na chochote. Mtume mtu kwa sheha upesi, kwa sababu huenda bado kuna watu maweni wanakuita, na boti za wavuvi au za KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, ziko majini kwa ajili yako. Mpaka waambiwe, hawatarudi.

Na kama umekunywa madafu ya mtu njiani, ukipata nguvu nenda kwake umwambie ni mangapi. Mimi yalikuwa mawili, kwenye shamba la mwisho kabla ya barabara. Mwenyewe alinikatia la tatu.